Namna ya Kumwajiri Bawabu Asiyelipwa

Shangazi yangu wa Tanga ana duka la vifaa vya shule, na hesabu zake zote zimo kwenye kompyuta mpakato moja nyeusi ambayo usiku huilaza juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Kijana mmoja wa jirani alimwekea humo fayawoli ya bure, akamwambia, "Sasa uko salama, mama." Kesho yake asubuhi kikatokea kisanduku katikati ya kioo: programu iitwayo svchost.exe inaomba kuingia mtandaoni, iruhusiwe au izuiwe? Shangazi hajawahi kumsikia huyo svchost maisha yake yote. Akamzuia. Mgeni usiyemjua, jina halitamkiki, anabisha hodi kabla hujanywa chai: ungefanya nini wewe?

Intaneti ikakata papo hapo. Huyo svchost hakuwa mwizi. Ndilo jina ambalo huduma nyingi za Windows yenyewe hulitumia zinapofanya kazi, ikiwemo ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba ambazo kompyuta huzielewa. Ukiizuia hiyo, hakuna ukurasa utakaofunguka. Shangazi akamwita fundi, fundi akabofya kitufe kimoja, akadai shilingi 20,000. Tangu siku hiyo shangazi akawa na sheria moja. "Kila kinachouliza nakikubalia," aliniambia nilipokwenda kumsalimia, "ili yule fundi asirudi tena." Nikafungua orodha ya programu alizoziruhusu. Zilikuwa thelathini na saba. Mbili kati yake nilitafuta sana ni za nani, sikupata.

Yaani alikuwa amewekewa mlinzi, na mlinzi kwa maswali yake mwenyewe akamfundisha kuacha mlango wazi. Siku hiyo niliacha kuulizana na watu ni fayawoli gani yenye nguvu zaidi. Swali langu likawa ni ipi inayofaa kukaa na mtu kama shangazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa kila mwenye kompyuta moja nyumbani anayetaka bawabu wa bure bila kugeuka kuwa karani wa bawabu huyo.

Kabla ya kuajiri, ijue kazi yenyewe. Nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe zinaieleza vizuri kuliko vitabu vingi vya kompyuta nilivyosoma. Nje kuna baraza. Muuza kahawa, mpita njia, jirani aliyekuja na habari, wote huketi pale, huhudumiwa pale, na huondoka bila kuona hata rangi ya zulia la ndani. Anayevuka kizingiti ni yule aliyeitwa. Fayawoli, au ukuta wa moto kama vitabu vyetu vinavyouita, inafanya hivyo hivyo. Ukifungua tovuti ya gazeti, wewe ndiye uliyeanza mazungumzo. Bawabu anakumbuka kwamba umemwita fulani, na jibu la fulani likifika analipitisha. Kinachokuja bila kuitwa na mtu kinaishia barazani.

Na milango ya kulinda si michache. Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina milango yenye namba kuanzia 1 hadi 65,535 kwa itifaki ya TCP, na mingine idadi hiyo hiyo kwa UDP. Mingi haina mtu nyuma yake, kwa hiyo kuigonga ni kugonga ukuta. Inayotia wasiwasi ni ile yenye huduma inayosikiliza kwa ndani: 445, ambao Windows huutumia kushirikiana mafaili, 135, wa programu kuitana kutoka mashine moja hadi nyingine, 3389, wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Hiyo mitatu ndiyo niliyoona ikiwaliza watu.

Waliokuwa wakienda kwenye mikahawa ya intaneti miaka ile wataikumbuka Agosti 2003. Unaandika barua pepe, ghafla kinatokea kisanduku chenye saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka sekunde 60, kisha kompyuta inajizima na kujiwasha. Unaanza upya, inahesabu tena, na huku dakika zako ulizolipia zinakwisha. Mwenye mkahawa alizunguka kati ya meza na jasho linamtoka, akidhani ni umeme. Haukuwa umeme. Ulikuwa mnyoo ulioitwa Blaster, ukiingilia mlango 135. Haukusubiri ubofye kitu wala ufungue kiambatisho; ilitosha kompyuta kuwa imeunganishwa. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa Julai, mwezi mmoja kabla.

Kinachoniuma hadi leo katika kisa kile ni kwamba Windows XP, iliyotoka 2001, ilikuwa na fayawoli yake ndani. Ilikuwa imezimwa, na pa kuiwashia palikuwa pamefichwa kwenye mipangilio ambayo mtu wa kawaida haendi. Bawabu alikuwepo nyumbani amelala, na hakuna aliyeambiwa amwamshe. Mwaka 2004, kabla ya katikati ya mwaka, mnyoo mwingine, Sasser, ukapitia mlango 445 kwa mtindo uleule. Agosti mwaka huohuo Microsoft wakatoa mkusanyiko mkubwa wa marekebisho ya XP, na kuanzia hapo fayawoli ikawa inawaka yenyewe.

Kwa sababu hiyo, bawabu wa kwanza wa kumfanyia usaili ni yule ambaye tayari anakaa kwako. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows ya leo, huyo anatosha, na nalisema hilo nikijua wapo watakaonibishia. Kwa kawaida anazuia kila kinachokuja bila kuitwa na kuruhusu kila kinachotoka. Hakuulizi juu ya svchost. Halipwi, hajazi kioo matangazo, na anapata marekebisho yake pamoja na ya Windows yenyewe. Fungua sehemu ya usalama ya Windows uangalie kama anawaka kwenye aina zote za mtandao zilizoorodheshwa pale. Nimeshakuta kompyuta ambayo amewashwa kwa mtandao wa nyumbani na kuzimwa kwa mtandao wa umma, yaani analinda sebuleni na kulala stendi ya mabasi.

Hilo la nyumbani na umma ndilo linalopuuzwa kuliko yote, nami nataka tukae hapo kidogo. Ukiunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi mpya, Windows inaweza kukuuliza huu ni mtandao wa umma au wa binafsi. Katika matoleo ya karibuni mara nyingi inauchukulia kuwa wa umma mpaka useme vingine. Wa binafsi maana yake unawaamini wote waliomo: printa yako, simu ya mkeo, kompyuta ya mtoto. Wa umma maana yake humwamini mtu. Hotelini ni umma. Chuoni ni umma. Ofisini kwa rafiki ni umma, hata kama rafiki mwenyewe ni mtu wa swala tano, kwa sababu wewe hujui kompyuta ya mhasibu wake ina nini. Nyumbani peke yake ndiko ninakoweka binafsi, na hata nyumbani, kama nywila ya Wi-Fi wanaijua wapangaji wa vyumba sita, naweka umma na kuvumilia usumbufu.

Kuna watakaosema: mimi nina ruta, ruta imeshanilinda. Ni kweli kwa sehemu. Ruta ya nyumbani hugawa namba za ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, na mtu wa nje hawezi kuzifikia moja kwa moja. Kinachokuja bila kuitwa kinafika kwenye ruta na kukwama kwa kuwa haijui ikipeleke kwa nani. Ukitumia bando la simu pia, mara nyingi mtandao wa simu unakuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya namba moja ya nje, na matokeo yanafanana. Ila ruta haikulindi dhidi ya aliyeko ndani ya mtandao huohuo. Tena kompyuta mpakato haikai nyumbani, imetengenezwa itembee. Na katika mfumo mpya wa anwani, IPv6, kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake inayoonekana dunia nzima, bila kujificha nyuma ya namba ya ruta. Hapo kinachobaki ni fayawoli ya ruta kama ipo na imewashwa, na ya kompyuta yenyewe.

Wenye Mac nao wana bawabu wao, amekuwepo kwa sura ya sasa tangu 2007, lakini kwa miaka mingi amekuwa akija amezimwa. Ingia kwenye mipangilio umwamshe. Ni mbofyo mmoja. Wa Linux wana ufw, iliyoanza na Ubuntu 8.04 mwaka 2008, na jina lake lenyewe linaahidi kwamba haina matata. Andika sudo ufw enable na kazi kubwa imekwisha: vinavyoingia vimezuiwa, vinavyotoka vimeruhusiwa. Kama unaiendesha mashine hiyo kwa mbali kupitia ssh, ruhusu ssh kwanza ndipo uwashe, la sivyo utajifungia nje na ufunguo uko ndani.

Sasa tuje kwenye sehemu inayowafanya watu watafute fayawoli nyingine: vinavyotoka. Hoja yao ni nzito. Kikulacho ki nguoni mwako. Programu iliyokwishaingia inaweza kupeleka siri zako nje, na bawabu wa Windows, jinsi anavyokuja, hatamzuia mtu anayetoka. Na huku kwetu kuna sababu ya pili isiyotajwa sana na waandishi wa nchi zenye intaneti isiyohesabiwa, nayo ni bando. Unanunua gigabaiti mbili za wiki, unaunganisha kompyuta kwenye simu ili utume barua moja, unarudi kutoka kuswali unakuta zimekwisha. Zimeliwa na masasisho, na hifadhi ya mawinguni iliyoamua kupandisha picha zote za harusi, na programu ya michezo ya mtoto inayojipakulia toleo jipya.

Kwa hili la bando, jaribu dawa ndogo kabla ya kubwa. Windows inakuruhusu kuuambia mtandao fulani kwamba unapimwa, na ikishajua hivyo inapunguza sana kupakua kwa siri. Mpangilio huo uweke kwenye Wi-Fi inayotoka kwenye simu yako, na nyumbani uuondoe ili masasisho yapite. Usisahau kuuondoa. Mwenye kuzuia masasisho mwaka mzima kwa kuogopa bando anaokoa senti na kuacha tundu, na sisi wenyewe ndio tuliosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulipita tena mlango 445, ukafunga mafaili ya watu na kudai fidia, ukasimamisha kazi katika hospitali nyingi za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi.

Kama bado unataka mlinzi wa vinavyotoka, hapa ndipo pa kutofautisha bure na huria. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kwa programu ya kuchezea muziki tofauti hiyo sitaipigia kelele. Kwa fayawoli naipigia, kwa sababu hiki ni kitu kinachoona kila unachotuma na kila unachopokea, kimekaa chini kabisa ya mfumo, kina mamlaka kuliko wewe mwenyewe. Bawabu anayekaa mlangoni pako bila mshahara lazima ujue anakula wapi. Baadhi ya zile za bure zisizo huria zinaishi kwa kukusukuma ununue toleo la kulipia, na kila wiki zinatoa onyo jekundu ambalo ukilisoma vizuri ni tangazo. Mtu akishazoea kufunga maonyo ya uongo, siku ya onyo la kweli atalifunga pia.

Katika zile huria, hizi ndizo nilizokaa nazo. TinyWall ya Windows ndiyo ningemwekea shangazi kama angehitaji: haitoi visanduku vya maswali kabisa. Inazuia, na wewe ukiona programu fulani haifanyi kazi unakwenda kwenye alama yake ndogo pembeni ya saa na kuionyesha programu unayotaka kuiruhusu. Mwenye nyumba ndiye anayemwita bawabu, bawabu hamwiti mwenye nyumba. simplewall, ya Windows pia, ni nyepesi na haina madoido, ila inataka mtu mwenye subira. Ukiiwasha inafunga kila ambacho hujakiruhusu, na siku tatu za kwanza utakuwa unaruhusu hiki na kile. Portmaster inaonyesha kwa uzuri sana ni programu gani inazungumza na nchi gani. Ilinifungua macho mara ya kwanza nilipoona programu ya kusomea PDF inapiga simu nje kabla sijafungua faili lolote. Ina sehemu za kulipia, lakini kazi ya msingi ni bure. Kwa Mac kuna LuLu, na kwa Linux OpenSnitch. Simu za Android zina NetGuard, ambayo haihitaji kuvunja ulinzi wa simu: inajifanya VPN ndani ya simu yenyewe na kukata intaneti kwa programu unazozichagua. Kwa mwenye bando dogo, hiyo ya mwisho inaokoa pesa inayoonekana kwa macho.

Usichukue mbili. Vijana hupenda kurundika, hii ya kuingia, hii ya kutoka, hii ya akiba. Mafahali wawili hawakai zizi moja: zitazuiana, zitakata mtandao bila kueleza, na wewe utazima zote kwa hasira. Na usikae wiki nzima ukisoma ulinganisho wa fayawoli kumi na tano na kompyuta imekaa uchi. Mchagua jembe si mkulima. Washa ya ndani leo, halafu endelea kusoma ukipenda.

Ukishachagua, ipakue kwa mtengenezaji mwenyewe. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mpwa wangu aliandika jina la fayawoli kwenye kitafutio, akabofya tokeo la kwanza kabisa lililoandikwa ni tangazo, akapakua kifurushi kilichokuja na programu nne zaidi. Moja ilibadilisha ukurasa wake wa mwanzo, nyingine ikawa inamfungulia madirisha ya kamari. Alikuwa anatafuta mlinzi, akarudi na wageni wanne. Angalia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa kabla ya kubofya endelea.

Angalia pia toleo la mwisho lilitoka lini. Fayawoli isiyosasishwa inaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa nayo, na mfano wa kutisha upo. Machi 2004 ulitokea mnyoo ulioitwa Witty. Wenyewe haukuingilia Windows. Uliingilia tundu ndani ya fayawoli, bidhaa za kampuni moja ya Marekani, Internet Security Systems, ikiwemo BlackICE iliyopendwa na watu wa nyumbani. Kompyuta kama 12,000 ziliambukizwa, na mnyoo ukawa unaandika takataka juu ya diski zao hadi zikafa. Walioumia walikuwa watu waliojali ulinzi, walioweka bawabu. Programu inayosoma kila kitu kinachoingia kutoka nje nayo ni mlango, kwa hiyo ipende ikiwa ndogo na inayotunzwa. Nyingine hufa bila ugomvi: Sygate, fayawoli ya bure niliyoipenda ujanani, ilinunuliwa na Symantec 2005 na ikaishia hapo. Watu waliendelea kuitumia miaka kadhaa baadaye kwa mapenzi tu, bila kiraka hata kimoja.

Baada ya kusakinisha, ijaribu. Kama una kompyuta ya pili nyumbani, weka humo nmap, nayo ni huria, uielekeze kwenye namba ya ndani ya ile ya kwanza. Itakuorodheshea milango iliyo wazi. Ukiona 445 au 3389 uko wazi na wewe hushirikiani mafaili na mtu wala huiendeshi kompyuta kwa mbali, rudi kwenye mipangilio. Ukiwa hapo ingia na kwenye ruta yako ubadilishe nywila iliyokuja nayo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijaza jeshi la kamera na ruta za majumbani duniani kote kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaziangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Kwenye ruta hiyohiyo utakuta kitu kinaitwa UPnP, kinachoruhusu programu kufungua milango ya nje bila kukuuliza. Kama hujui unakitumia kwa nini, kizime; mchezo wa mtoto ukilalamika utakiwasha tena.

Na ujue bawabu asichokiona. Mnyoo wa Conficker, ulioanza Novemba 2008, ulipita mlango 445 kama wenzake. Matoleo yake ya baadaye yakaongeza njia nyingine: flashi. Huko ndiko tulikopigwa sisi. Flashi ya steshenari, inayochomekwa kwenye kompyuta ya kuchapishia, kisha ya chuo, kisha ya nyumbani, haipiti barazani; unaibeba mwenyewe mfukoni hadi chumbani. Fayawoli haisomi ujumbe unaosema umeshinda zawadi, haijui kama aliyekupigia ni wa benki kweli, na ukimwandikia tapeli nywila yako kwa mikono yako itaipitisha kwa heshima zote, kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza mazungumzo. Nimeona wazee wakiacha tahadhari kwa kuambiwa wana fayawoli. Anayemwekea mtu fayawoli ana wajibu wa kukaa naye dakika kumi na kumweleza hayo.

Dakika hizo mimi nilikaa na shangazi kwenye meza yake ya chakula, kati ya daftari la madeni na sahani ya mihogo. Nikaondoa ile ya kijana wa jirani pamoja na ruhusa zake thelathini na saba, na zile programu mbili zisizo na mwenyewe nikazifuta. Nikawasha ya Windows, mtandao wa dukani nikauweka wa umma, wa nyumbani wa binafsi. Nikamwambia kisanduku kikitokea sasa, maana yake kuna programu inataka kusikiliza wageni kutoka nje, na kama hajaweka kitu kipya siku hiyo, jibu ni hapana. Akiizuia, programu yenyewe mara nyingi itaendelea kuingia mtandaoni kama kawaida. Kinachozuiwa ni wa nje kuifikia bila kuitwa. Hakuna kitakachokatika. Aliniuliza mara mbili hilo la kukatika.

Miezi mitatu ikapita kimya. Siku moja saa nne asubuhi akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kile kisanduku kimekuja."

"Umeweka kitu kipya leo?"

"Nimenunua printa ya kuchapia risiti. Kijana wa duka la printa ameniletea nyumbani, tumeweka sidii yake."

"Jina lililoandikwa kwenye kisanduku na jina la kwenye printa, ni moja?"

Nikasikia anavuta kiti, anainuka, anasoma herufi moja moja kwa sauti, mara ya kwanza kwenye kioo, mara ya pili kwenye boksi. "Ni moja."

"Na uko nyumbani, si dukani?"

"Nyumbani."

"Basi tia tiki kwenye mtandao wa binafsi. Ule wa umma uache hivyohivyo bila tiki, halafu ruhusu."

Kimya kidogo. Kisha mlio wa karatasi nyembamba ikitoka. "Inachapa," akasema. Na kabla sijamuaga akauliza, "Sasa nikiipeleka dukani, itakataa?"

"Itakataa, shangazi."

"Vizuri," akasema. "Itakaa hapahapa."